Mgeni wa Ndege ya Jioni

Tangu swala ya alfajiri nyumba ya Mzee Muhidin pale Kaloleni ilikuwa haikai. Zulia la sebuleni lilitolewa nje likakung'utwa, mapazia yakabadilishwa, na jikoni kukawa hakuna pa kukanyaga. Laila alikuwa ameinamia sufuria ya pilau, leso imefungwa kiunoni, jasho likimtiririka shingoni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Siku nyingine za wiki watu wa Kisumu walimjua kama yule dada mpole wa duka la miwani mjini, lakini leo alikuwa mwari. Osama alikuwa anakuja kumposa.

Mama Amolo, jirani wao wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amekwenda ufuo wa Dunga mapema kuchagua samaki kwa mkono wake mwenyewe. Sasa alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, beseni miguuni, akiwaparua magamba.

"Wanafika saa ngapi, nyathina?" aliuliza. Alimwita Laila mwanangu kwa Kijaluo tangu Laila akiwa mtoto wa kutambaa.

"Ndege inatua saa sita."

"Na watalala wapi? Kwa sababu kama hapa ni padogo, kwangu kuna chumba. Nimetandika hata shuka mpya."

Laila alikoroga pilau ambalo halikuhitaji kukorogwa. "Sidhani kama watalala, Mama."

Mama Amolo aliacha kuparua. Alimwangalia Laila kwa muda, kisu kikiwa hewani, kisha akarudi kwa samaki wake. "Haya," alisema. "Labda ndiyo maisha ya siku hizi, yawa."

Laila alifunika sufuria, akapunguza moto.

Yeye na Osama walikutana kwenye treni. Ilikuwa miaka mitatu nyuma, Laila akimrudisha nyumbani mama yake, Bi Safia, kutoka hospitalini Nairobi. Bi Safia alikuwa haliwezi basi. Kila shimo la barabarani lilimpiga mgongoni palepale penye ugonjwa, na ndege hawakuifikiria kabisa. Treni ilikwenda taratibu, lakini ndani yake mgonjwa aliweza kusimama, akajinyoosha, akajikokota hadi chooni huku akishikilia migongo ya viti. Kijana aliyekaa mkabala nao, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliwaachia kiti chake chote ili Bi Safia ajilaze. Yeye akaenda kusimama kwenye dirisha la mwisho wa behewa. Laila alipoona mama yake amepata usingizi, alimfuata kumshukuru, na shukrani hiyo ikachukua safari nzima. Walipofika Londiani baridi ilikuwa kali hata kijana akavua koti lake akampa. Walipofika Muhoroni jua lilikuwa linachomoza juu ya mashamba ya miwa, na ndipo Laila alipoona kwamba macho ya yule kijana yalikuwa mekundu kwa uchovu na bado yanamcheka.

Bi Safia hakumaliza mwaka ule. Lakini kabla hajafa alikuwa tayari anamwita Osama mwanangu, kwa sababu Osama alikuwa ameanza kuja. Ijumaa jioni alipanda treni Nairobi, na Jumamosi asubuhi Laila alikuwa stesheni akimngoja, buibui lake limepigwa pasi. Shati la Osama lilikuwa limejikunja, nywele zimelala upande mmoja, na alishuka akiwa na mfuko wa mikate kutoka mjini kwao. Siku mbili zote zilikuwa zao. Alikwenda msikitini na Mzee Muhidin, akamrekebishia redio, akalala chumba cha uani, akaamka akaomba chai kama mtu wa nyumbani. Jumapili jioni Laila alimsindikiza tena hadi stesheni, akasimama chini ya dirisha lake hadi mabehewa yakaanza kusogea. Hata hapo hawakuwa wameachana. Osama alimwandikia njia nzima. Niko Kibos. Nimeona moto kwenye miwa. Niko Muhoroni, mzee wa mbele yangu anakoroma. Laila alilala simu ikiwa karibu na sikio, na usingizini alihisi kama naye anasafiri.

Kisha Osama akapandishwa cheo. Kampuni yake iliuza na kutengeneza mashine za hospitali, na sasa alikuwa mkuu wa mafundi wote. Akaanza kuja kwa ndege.

"Dakika arobaini na tano tu, Laila," alimwambia kwa furaha siku ya kwanza. "Nimekunywa juisi, sijamaliza, wanasema tufunge mikanda."

Laila alifurahi naye. Alimpenda akiwa amenyooka vile, shati safi, hana uchovu, ananukia vizuri. Haikumpitia akilini kwamba kitu kinachomleta upesi kinaweza pia kumwondoa upesi. Siku mbili zikawa siku moja. Siku moja ikawa chakula cha mchana. Mara ya mwisho walikunywa chai kwenye mkahawa wa uwanja wa ndege, begi lake likiwa kwenye kiti cha tatu kama mtu anayewasikiliza.

*

Wageni walifika saa saba wakati samaki wa Mama Amolo walikuwa tayari kwenye mafuta. Osama alivaa kanzu nyeupe na koti, na alipoingia sebuleni alimtafuta Laila kwa macho hadi akampata nyuma ya pazia la ukumbini. Walitazamana kidogo tu. Ulikuwa ni mtazamo wa zamani, ule wa dirisha la treni. Laila alijiambia kwamba yote yatakuwa sawa.

Aliyekuja naye alikuwa ami yake, mdogo wa marehemu baba yake, mtu mnene mwenye adabu na haraka. Alimsalimia Mzee Muhidin kwa mikono miwili, akauliza hali ya mji, akasifu ziwa alivyoliona kutoka juu. Laila alileta juisi, akarudi jikoni, akasimama nyuma ya mlango uliobaki wazi kiasi cha vidole viwili.

"Mzee wangu," ami alisema baada ya kikohozi, "sisi tunarudi na ndege ya jioni. Wanataka tufike uwanjani mapema. Kwa hivyo, kwa ruhusa yako, tungeingia kwenye neno lenyewe moja kwa moja."

"Chakula kinapakuliwa," alisema Mzee Muhidin.

"Tutakula, insha'Allah. Lakini neno kwanza."

Laila alimjua baba yake. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kwa maisha yake yote, mtu wa kumkalisha mteja, kumpa maji, kumuulizia watoto, halafu ndipo afungue robota. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya upole sana.

"Semeni."

Ami alisema vizuri. Alitaja ukoo wao, alitaja kazi ya Osama, alitaja tabia ya Laila waliyoisikia hadi Nairobi. Alisema wangependa ndoa ifungwe karibuni na kwamba nyumba ya kuishi huko ilikuwa tayari. Katikati ya maneno simu ya Osama ililia. Akaizima. Ikalia tena. Akaitazama, uso ukabadilika, akainuka nusu.

"Samahani, Baba. Ni hospitali."

Alitoka hadi barazani. Kupitia dirisha la jikoni Laila alimsikia akitoa maelekezo, bomba gani lifungwe, kitufe gani kibonyezwe. Aliporudi ndani, masinia yalikuwa yameshawekwa na ami alikuwa ameshika saa yake ya mkononi kwa vidole viwili, kama anayeizungusha tu.

Mzee Muhidin hakugusa chakula. "Osama," alisema.

"Naam, Baba."

"Mara ya mwisho ulilala katika mji huu lini?"

Osama alifungua mdomo. Laila, nyuma ya mlango, alijikuta anajibu moyoni, anarudi nyuma mwezi hadi mwezi, mfungo, kabla ya mfungo, masika. Hakufika mahali.

"Sikumbuki vizuri, Baba," alisema Osama.

"Hata mimi sikumbuki. Na mimi nilizoea kukuamsha kwa swala." Mzee Muhidin aligeukia ami. "Sijakataa, bwana. Huyu kijana namjua, na marehemu mke wangu alimjua kunishinda. Lakini binti ninaye mmoja. Siwezi kumtoa kwa watu ambao gari lao linanguruma nje. Jibu lenu halitakuwa leo."

Kweli, gari lilikuwa linanguruma nje. Oyugi, dereva wa teksi waliyemkodi uwanjani, alikuwa amefika mapema kama alivyoagizwa. Ami alikula matonge machache kwa heshima, akasifu, akanawa. Osama hakula. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

Walipoinuka, Mzee Muhidin alimwita bintiye. "Msindikize mgeni wako," alisema, na hakumtazama usoni.

*

Njiani Oyugi alilalamikia joto. Uwanjani ami alichukua pasi za ndege, akamwangalia Osama, akamwangalia Laila, akasema anatangulia ndani. Wakabaki wawili kwenye benchi la saruji nje ya jengo, chini ya kivuli chembamba cha ukuta. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya matope na magugu. Watu walipita wakivuta masanduku yenye magurudumu.

"Baba yako amenikasirikia," alisema Osama.

"Hajakasirika. Ameumia."

"Kwa sababu ya ndege? Laila, kweli? Nikija kwa treni ningekuwa mtu bora zaidi?"

"Ndege ya kesho ipo. Mngelala, mkala, mkaongea. Mama Amolo alitandika hadi shuka."

"Kesho sitaweza. Umenisikia kwa simu. Kuna mashine ya watoto wachanga imezimika, na fundi niliyemwacha hajawahi kuifungua. Nisiporudi leo, sijui."

Laila hakuweza kushindana na watoto wachanga. Hilo ndilo lililomchosha kila mara. Hakuwahi kumpata na sababu ya uongo.

"Zamani mashine hazikuwa zinazimika?" aliuliza.

"Zilikuwa zinazimika. Lakini bosi akinipigia nilimwambia niko Kisumu na treni ni Jumapili jioni. Akawa hana la kufanya. Anatafuta mtu mwingine. Sasa nikimwambia niko Kisumu, ananiambia ndege ya saa kumi na moja ipo, anakata."

"Kwa hivyo treni ilikuwa inakuficha."

"Unaweza kusema hivyo."

"Mimi nilipenda ikikuficha."

Osama aliinamisha kichwa, akasugua mapaja ya kanzu kwa viganja. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa na ukali ambao Laila hakuwahi kuusikia. "Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia? Nilikuwa nachukia ile treni. Niliichukia, Laila. Nakaa usiku kucha magoti yamenigonga kifuani. Taa haizimwi. Choo kufika asubuhi hakiingiliki. Tunasimama porini hakuna anayetuambia kwa nini. Naingia hapa mgongo unaniuma hadi jino, nakuona umesimama pale na buibui lako, natabasamu. Jumapili narudi vilevile, Jumatatu nasinzia kazini. Wewe ulikuwa unaona mapenzi. Mimi sikuwa na nauli ya kitu kingine."

Laila alisikia maneno yale yakiingia moja moja. Alitazama mikono yake, hina ambayo Mama Amolo alimpaka jana mchana. Dirisha la Londiani, koti, macho mekundu yaliyokuwa yakimcheka. Alikuwa amevihifadhi vitu hivyo kama mtu anayehifadhi nguo za sikukuu. Haikuwahi kumjia kwamba mwenzake alikuwa anaumwa mgongo.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekwambia vipi? Ulikuwa umefurahi hivyo."

"Mimi kwenye treni nilikujua, Osama. Ulinieleza habari za baba yako. Ulinieleza ulivyofeli mtihani ukaudanganya ukoo mzima. Tangu uanze ndege hujanieleza kitu. Unafika, unaniuliza hali, unanieleza ratiba. Hata ukiwa mbele yangu najihisi kama niko peke yangu nyumbani."

"Kwa sababu nimechoka."

"Na kwenye treni hukuwa umechoka?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiaga watoto wake karibu yao alianza kulia, na wote wawili waligeuza nyuso.

"Kuna siku moja," alisema Osama baadaye, pole pole. "Mama yako alikufa Alhamisi. Ulinipigia nikiwa kazini. Mkamzika alasiri hiyohiyo. Nilikwenda stesheni kama mwendawazimu, wakaniambia hakuna treni hadi kesho. Mabasi ya usiku yalikuwa yamejaa. Nikafika hapa Jumamosi. Mtu aliyeniita mwanangu yuko chini ya udongo, na mimi nashuka na mfuko wa mikate. Nilisimama mlangoni kwenu, nikaona viatu vya watu vimepungua, maturubai yameshushwa. Siku hiyo niliapa. Nilisema sitakuja kuchelewa tena kwenu, hata kama nitakula ugali mkavu. Ndege nimeipanda kwa sababu hiyo. Si kwa sababu ya juisi yao."

Laila alimgeukia. Siku ile aliikumbuka vizuri, ila aliikumbuka kwa upande mwingine kabisa. Watu wa mazishi walikuwa wamekwisha kuondoka, nyumba imepoa, baba yake amekaa chini haongei. Ndipo Osama akaingia. Alikaa kwenye mkeka karibu na Mzee Muhidin siku mbili nzima. Hakufanya lolote. Alipika uji, akaosha vikombe, akakaa.

"Hukuchelewa," alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakudondoka. "Wote waliowahi walikuwa wamekwenda. Wewe ndiye uliyekuwepo. Baba alikula kwa mara ya kwanza kwa sababu wewe ulikuwa umekaa pale. Osama, siku ile ndiyo niliyokupenda kabisa kabisa, na wewe umeibeba kama aibu."

Osama alimtazama kwa macho ya mtu aliyekosea njia na hajui alikosea wapi. Alinyoosha mkono, akausimamisha kabla haujaufikia wake, maana watu walikuwa wengi. Sauti ya mwanamke kutoka kwenye spika iliita abiria wa Nairobi. Mlangoni ami alionekana, akapunga mkono mara moja, akapotea.

"Laila, nifanye nini?"

Alitaka kumwambia, kaa. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini aliwafikiria watoto wachanga na fundi asiyejua kufungua mashine, na akaona kwamba neno hilo likitoka, Osama ama atalivunja, ama atalitii na kumchukia. Akalimeza.

"Nenda," alisema. "Utaachwa."

Alikwenda. Kwenye mlango wa ukaguzi aligeuka, akainua mkono, kanzu yake nyeupe ikimulikwa na mashine, kisha mtu wa nyuma yake akamsukuma kidogo na begi, na hakuonekana tena.

*

Oyugi alijitolea kumrudisha bure, lakini Laila alikataa. Alitaka kutembea. Alipita ukuta wa uwanja akiwa na viatu vya sherehe vilivyombana, akasikia mngurumo, akaiona ndege ikiinuka, ikageuka juu ya ziwa na kupata rangi ya jua la jioni. Ilikuwa nzuri. Hakuweza kusema kwamba haikuwa nzuri. Ikaingia mawinguni kabla hajapata muda wa kuamua ni dirisha gani angelipungia mkono.

Barabara ilikuwa imejaa watu wanaotoka sokoni. Alitembea katikati yao kama mtu aliyeamka kwenye mji asioujua. Wanawake wenye mabeseni ya dagaa wa omena walimpita wakicheka mambo yao, na mmoja wao alimwangalia kwa huruma, akaiona hina, akamwangalia tena. Laila aliangalia chini. Miguu ilipomshinda alivua viatu, akavishika mkononi.

Alikuwa hajafika hata karibu na Kaloleni simu ilipotetemeka ndani ya mkoba.

Nimefika, Osama aliandika.

Laila alisimama kando ya barabara, peku, akayasoma maneno hayo. Yule yuko Nairobi, ameshashuka, na yeye mwenyewe bado hajafika kwao. Hapakuwa na Kibos. Hapakuwa na Muhoroni. Aliyasoma tena, akairudisha simu kwenye mkoba bila kujibu, akaendelea kutembea.

Mzee Muhidin alikuwa amekaa barazani, kofia magotini. Alimwona bintiye akiingia na viatu mkononi. Alisogea kwenye benchi akampa nafasi.

"Laila," alisema. "Yule ami yake sikumpenda. Lakini kijana nampenda. Nimekaa hapa nikafikiri, labda nimezungumza kwa sababu ya upweke wangu mwenyewe. Wewe ukienda Nairobi nitabaki na kuta. Hiyo si sababu ya kumzuia mtu. Ukimtaka, nitawapigia kesho niwaambie ndiyo. Sitakuuliza mara mbili."

Laila alilaza kichwa begani kwa baba yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu matanga ya mama. Alidhani neno ndiyo lilikuwa limejaa kifuani mwake, tayari tayari, kwa miaka mitatu. Alilitafuta. Alichokipata kilikuwa chumba cha nyumba ya Nairobi ambayo hakuwahi kuiona, meza imeandaliwa, na yeye ameikalia peke yake akingoja ujumbe wa kusema nimefika.

"Ngoja nizungumze naye, Baba," alisema.

Alikwenda hadi kwenye ngazi ya uani, karibu na chumba ambacho Osama alikuwa akilala. Osama alipokea kabla simu haijalia vizuri. Nyuma yake zilisikika honi nyingi.

"Niko kwenye gari, naelekea hospitali," alisema. "Nilidhani hutaki kunijibu. Nikupigie nikimaliza?"

"Hapana. Nisikilize sasa. Sitakuweka."

"Nasikiliza."

"Baba amekubali."

"Laila," alisema Osama. "Alhamdulillahi. Laila, nitakuja Jumamosi, nitakuja na mama, nitakuja hata na hiyo treni ukitaka, nitalala wiki nzima..."

"Osama. Jumamosi usije."

"Nije lini?"

"Uje siku utakayoweza kukaa. Sisemi treni, sisemi ndege. Treni ilikuumiza, sitaki tena uumie kwa ajili yangu. Nauliza tu siku yenyewe ni lini. Siku ambayo simu ikilia utasema niko Kisumu, na uwe uko Kisumu kweli. Na tukioana, nitakuuliza hivyo hivyo. Niambie lini, nami nitangoja. Nimezoea kungoja."

Alimsikia akivuta pumzi. Alimjua vya kutosha kujua kwamba alikuwa anahesabu, anapanga, anatafuta mwezi ulio wazi, anaukosa, anautafuta mwingine. Angeweza kutaja mwezi wowote. Laila angeuamini, na huko Nairobi angetandika kitanda na kuandaa meza kwa miaka.

"Sijui," alisema Osama hatimaye. "Wallahi, sijui. Nikikutajia siku nitakuwa nakudanganya."

Laila alifumba macho. Lilikuwa jambo la ndani kuliko yote aliyomweleza tangu zile safari za zamani, na lilimfanya ampende kuliko alivyompenda asubuhi.

"Asante kwa kutonidanganya," alisema.

"Kwa hivyo ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, Osama."

Hakuna aliyekata. Adhana ya magharibi ilianza kwanza upande wa Osama, mbali, ikichanganyika na injini na sauti za wauza maji barabarani, na Laila akasikiliza. Dakika chache baadaye ya Kisumu ikaanza, na Laila alijua Osama anaisikia kule, kwa sababu alinyamaza kama alivyokuwa akinyamaza alipokuwa amekaa hapo ngazini kando yake. Gari lilikata kona, likapunguza mwendo, likasimama. Mlango ukafunguliwa. Mtu alimwita Osama kwa jina, kwa haraka.

"Wananiita," alisema.

"Ingia ndani," Laila alimwambia. "Watoto wanakusubiri."

Akakata yeye. Alibaki ngazini, miguu ikimuuma, hadi giza lilipotanda uani, na hakusikia baba yake alipofungua mlango wa nyuma na kusimama pale, akisita, asijue arudi ndani au akae naye.